Panya Aliyekimbia Akabaki na Uzito Uleule

Mpe panya wa maabara maji yenye fruktosi (sukari ya matunda) asilimia 10, yaani gramu 100 katika kila lita, kwa wiki nane. Ukimtazama ndani ya tundu lake huoni kasoro. Manyoya yanang'aa, anakula, na mizani mara nyingi inasoma gramu zilezile za jirani yake anayekunywa maji matupu. Ila mtoe damu baada ya kumnyima chakula: trigliseridi, yaani mafuta ya kwenye damu, ziko juu, insulini iko juu, na kipande cha ini lake kikipakwa rangi ya mafuta kinaonyesha matone mekundu yaliyobanana ndani ya seli. Ana sindromu ya umetaboli, yaani mkusanyiko wa kasoro za jinsi mwili unavyotumia sukari na mafuta, na kitambi hana.

Sasa mpandishe kwenye tredimili, yaani mkanda wa kukimbilia, saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki. Wiki nane baadaye trigliseridi zimeshuka, insulini kidogo inafanya kazi iliyokuwa ikihitaji nyingi, na matone ya ini yamepungua. Mizani huenda haijasogea. Aliyepima uzito peke yake ataandika kwamba mazoezi hayakufaa kitu. Aliyepima ini ataandika kwamba mazoezi ni dawa. Wote wawili wamepima sawa. Mwanafunzi wa uzamili pale Chiromo au Kabete, kampasi za Chuo Kikuu cha Nairobi, anayesoma makala zao kwa jioni moja ana haki ya kuchanganyikiwa.

Fundo hili hufunguka ukiuliza maswali matatu kabla ya kusoma matokeo: mnyama huyu aliuguaje, alikimbizwaje, na alipimwa saa ngapi baada ya mbio yake ya mwisho. Jambo la tatu ndilo linalopuuzwa zaidi.

Kabla ya kuendelea, lugha kidogo. Kiswahili kinaita wote panya, lakini maabara inatenganisha wanyama wawili: yule mkubwa wa gramu 250 hadi 500, na yule mdogo wa gramu 20 hadi 45. Hapa mkubwa ni panya, mdogo ni kipanya. Kinachomfaa mmoja hakimfai mwenzake kila mara.

Jina moja, kasoro tano

Kwa binadamu vigezo vimekubaliwa tangu 2009. Ukiwa na tatu kati ya hivi tano, una sindromu ya umetaboli: kiuno kipana, trigliseridi kuanzia milimoli 1.7 kwa lita. Kolesteroli ya HDL, ile iitwayo nzuri, chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke. Presha kuanzia 130 juu au 85 chini. Na sukari ya kabla ya kula kuanzia 5.6. Gerald Reaven ndiye aliyezikusanya kasoro hizi mwaka 1988 na kudai kwamba zina mzizi mmoja, yaani mwili kutosikia insulini. Kiuno hakikuwamo katika orodha yake ya kwanza, na hilo ni la kukumbuka kila tunapomwona yule panya wa fruktosi asiye na kitambi.

Panya hana jedwali kama hilo. Hakuna aliyekubaliana na mwenzake kiuno cha panya kiwe sentimita ngapi. Kwa hiyo kila mtafiti huchagua mnyama mwenye kasoro anazozitaka.

Panya wa Zucker, aliyeelezwa mwaka 1961, amezaliwa na kipokezi kibovu cha leptini. Leptini ni homoni inayotoka kwenye mafuta kuuambia ubongo kwamba akiba ipo. Panya huyu haisikii, basi anakula kama mwenye njaa ya kudumu. Kipanya anayeitwa ob/ob ana tatizo la upande wa pili: kipokezi kizima, leptini hakuna. Ndiye aliyewezesha timu ya Jeffrey Friedman kuipata homoni hiyo mwaka 1994. Panya wa presha ya kuzaliwa, waliochaguliwa huko Kyoto na Okamoto na Aoki kuanzia miaka ya 1960, wana shinikizo la juu la damu bila unene. Binadamu mwenye kipokezi kibovu cha leptini ni nadra sana, kwa hiyo panya wa Zucker anafundisha mengi kuhusu msuli na machache kuhusu mtu wa Nairobi aliyenenepa kwa chipsi na soda.

Mnyama anayevutia kuliko wote, kwa maoni yetu, hakulishwa kitu chochote wala hakuharibiwa jeni moja. Lauren Koch na Steven Britton, Marekani, walichukua panya wa kawaida, wakawakimbiza mpaka wachoke, wakawazalisha wakimbiaji hodari wao kwa wao na wavivu wao kwa wao. Baada ya vizazi 11 tofauti ya uwezo wa kukimbia ilikuwa asilimia 347. Utafiti uliotoka mwaka 2005 ulionyesha kwamba ukoo wa wavivu ulikuwa na presha ya juu zaidi, sukari, insulini na trigliseridi za juu zaidi, na mafuta mengi zaidi tumboni. Walichaguliwa kwa pumzi tu, na magonjwa yakafuata.

Chakula kinachougua kabla ya panya

Maabara nyingi za hapa kwetu hazina bajeti ya kuagiza panya wa jeni maalumu, kwa hiyo ugonjwa hupikwa kwa chakula. Hapo ndipo makosa mengi huingia.

Fruktosi hufanya kazi kwa sababu ini huipokea sehemu yake kubwa, na huko ndani inapita njia ya panya. Glukosi hulazimika kusimama kwenye kimeng'enya kinachofanya kazi ya askari wa kizuizini: nishati ikitosha, anafunga. Fruktosi inamzunguka askari huyo, inaendelea kuvunjwa hata ini likiwa limeshiba, na ziada inageuzwa mafuta. Sehemu ya mafuta hayo inabaki ini, sehemu inatoka kwenye damu kama trigliseridi. Maji ya fruktosi yabadilishwe kila siku moja au mbili, maana huchacha, na panya akishaonja maji yaliyochacha hupunguza kunywa. Ugonjwa unachelewa na mtafiti anadhani ana panya wagumu. Pima pia kiasi kilichonywewa. Panya akinywa mililita 50 amepata gramu 5 za fruktosi, ambazo ni kilokalori 20, na kwa kawaida anapunguza chakula chake kufidia. Ndiyo maana uzito haupandi.

Mlo wa mafuta una mtego wake. Njia ya haraka ni kuyeyusha mafuta ya ng'ombe na kuchanganya na chakula cha kawaida cha panya. Chukua gramu 80 za chakula hicho na gramu 20 za mafuta. Ikiwa chakula kina kilokalori 3 kwa gramu, kina asilimia 4 ya mafuta na asilimia 20 ya protini, mchanganyiko wako una kilokalori 420, na karibu nusu yake inatoka kwenye mafuta. Vizuri. Lakini angalia protini: mwanzoni ilitoa asilimia 27 ya kilokalori, sasa inatoa 15 tu. Vitamini na madini navyo vimepunguka kwa kila kilokalori. Panya wako sasa ana mafuta mengi pamoja na upungufu, na hutajua kipi kilimfanyia nini. Dawa ni kuongeza protini kama kaseini pamoja na mchanganyiko wa vitamini mpaka uwiano wa mwanzo urudi, na kuhifadhi chakula kwenye friji ili mafuta yasivunde.

Msuli una mlango wa pili

Sukari huingia kwenye seli ya msuli kupitia protini iitwayo GLUT4. Msuli ukipumzika, GLUT4 zimefichwa ndani ya seli. Insulini ikigonga, zinapandishwa ukutani na sukari inaingia. Kwa mgonjwa wa sindromu hii, insulini inagonga na ndani hakuna anayeitika. Kongosho linajibu kwa kumwaga insulini zaidi, na ndiyo maana panya anaweza kuwa na sukari ya kawaida huku insulini yake imepanda mara kadhaa. Anayepima sukari peke yake anaambulia patupu.

Msuli unapojikunja, GLUT4 hupandishwa kwa njia nyingine kabisa, kupitia kalsiamu na kimeng'enya AMPK, ambacho huwaka nishati ya seli inapopungua. Njia hii haihitaji insulini. Majaribio kwa panya wa Zucker yameonyesha jambo zuri: insulini ikishindwa kupandisha GLUT4 katika msuli wao, kujikunja kwa msuli bado kunazipandisha. Mlango wa mbele umekwama, wa nyuma unafunguka. Hiyo ndiyo sababu mbio moja tu, kwa mnyama mnene ambaye hajapungua hata gramu, hushusha sukari siku hiyohiyo.

Athari ya pili ni ya polepole. Mwaka 1967 John Holloszy aliwakimbiza panya kwa wiki 12, akiwaongezea hadi dakika 120 kwa siku, kisha akachunguza misuli yao: uwezo wa mitokondria, vile viwanda vya nishati ndani ya seli, kutumia oksijeni ulikuwa umekaribia kuongezeka maradufu. Msuli wenye mitokondria nyingi unachoma mafuta hata mnyama akiwa amelala. Athari ya kwanza huja kwa dakika na hupotea kwa siku mbili hivi. Ya pili huja kwa wiki.

Ini halikimbii, lakini linanufaika: misuli inavuta mafuta kutoka kwenye damu, insulini inashuka, na amri ya kutengeneza mafuta mapya inapungua. Ushahidi mkali zaidi tunaoujua unatoka kwa panya wa ukoo uitwao OLETF, wanaokula kupita kiasi kwa sababu wamekosa kipokezi kimoja cha shibe. Walipewa magurudumu ya kukimbilia kwa wiki 16, na maini yao hayakujaa mafuta. Kisha watafiti wakafunga magurudumu na kuwapima makundi tofauti baada ya saa 5, saa 53 na saa 173. Katika wiki hiyo moja ini lilianza tena kujipanga kutengeneza mafuta. Majira ya kupima, kumbe, yanaweza kugeuza hitimisho zima.

Presha na kasi: makala mbili zinazopingana

Mwaka 1997 watafiti wa Brazil walichukua panya wa presha ya kuzaliwa wakawagawa: kundi moja lilikimbia kwa asilimia 55 ya uwezo wake wa juu, jingine kwa asilimia 85. Presha ilishuka kwa waliokimbia polepole. Waliokimbia kwa kasi haikushuka. Wengi walihitimisha kwamba kasi haifai.

Mwaka 2009 ukaja utafiti kwa wale panya wavivu wa Koch na Britton. Kundi moja lilikimbia mfululizo kwa asilimia 70 ya uwezo. Jingine lilikimbia kwa vipindi: dakika 4 kwa asilimia 85 hadi 90, dakika 3 za kupoa kwa asilimia 70, tena na tena. Siku tano kwa wiki, wiki nane. Uwezo wa kutumia oksijeni ulipanda asilimia 45 kwa kundi la vipindi na asilimia 10 kwa kundi la mfululizo, na kwa ujumla hatari za moyo zilipungua zaidi kwa waliokimbia kwa vipindi.

Nani mkweli? Wote. Panya wa Kyoto ana presha inayoendeshwa na mishipa ya fahamu iliyochangamka kupita kiasi na moyo unaosukuma kwa nguvu, na mbio ya taratibu ndiyo inayoituliza hali hiyo. Panya mvivu ana upungufu wa pumzi, na kinachoinua pumzi ni kasi. Halafu asilimia 85 bila kupoa na asilimia 85 yenye mapumziko ni mazoezi mawili tofauti, hata kama namba inafanana.

Kumkimbiza panya Nairobi

Ukinakili kasi kutoka makala iliyoandikwa pwani ya Ulaya, umeanza vibaya. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano. Panya waliozaliwa hapa wamezoea, lakini kasi inayoitwa "wastani" huko inaweza kuwa nzito hapa. Pima mwenyewe. Wazoeze siku tano, dakika 10 kwa siku kwa mita 5 hadi 10 kwa dakika. Kisha wafanyie mtihani wa kuchoka: anza mita 10 kwa dakika, ongeza mita 3 kila baada ya dakika 3, hadi panya akatae kurudi kwenye mkanda hata akiguswa. Aliyegota kwenye mita 28 anafundishwa kwa asilimia 60, yaani takribani mita 17. Rudia mtihani kila baada ya wiki tatu au nne, la sivyo mazoezi yaliyokuwa ya wastani yanakuwa matembezi.

Kuhusu shoti ya umeme iliyo nyuma ya mkanda: iache mbali kadiri uwezavyo. Panya anayepigwa shoti mara kwa mara anamwaga kotikosteroni, homoni ya msongo, na homoni hiyo inapandisha sukari na kuhamishia mafuta tumboni. Unamtibu kwa mkono mmoja na kumtia ugonjwa kwa mwingine. Burashi laini ya rangi inatosha kumsukuma. Mnyama anayekataa kabisa kukimbia, na hao wapo, aondolewe kwa kanuni iliyoandikwa kabla ya jaribio, na idadi yao itajwe kwenye ripoti. Kumbuka pia kwamba majaribio haya yanahitaji kibali chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya Kenya, na kamati yoyote ya maadili iliyo makini itauliza kuhusu hiyo shoti.

Wale wasiokimbia nao wawekwe juu ya mkanda uliosimama kwa muda uleule. Wakibaki kwenye matundu yao, utakuwa unalinganisha panya aliyeshikwashikwa na ambaye hakuguswa.

Panya ni wa usiku. Ukimkimbiza saa nne asubuhi na taa zinawaka, ni kama kumwamsha mlinzi wa zamu ya usiku akacheze mpira. Geuza saa za chumba, giza liwe mchana, na ufanye kazi chini ya taa nyekundu. Hapo jihadhari na stima. Kifaa cha kuwashia taa kinachoendeshwa na saa ya mzunguko husimama stima ikipotea na huendelea kilipoishia ikirudi. Mikatiko mitatu ya saa mbilimbili, na "usiku" wa panya wako umesogea saa sita bila mtu kugundua. Kifaa chenye betri kinamaliza tatizo.

Baridi nayo ina lake. Kipanya hupumzika kweli kwenye nyuzi 30 hivi za Selsiasi. Katika chumba kisicho na hita mwezi Julai anateketeza chakula kingi kwa kujipasha joto tu, na mlo wa mafuta unaotarajiwa kumnenepesha unaishia kuwa kuni.

Gurudumu ndani ya tundu huondoa hofu yote, maana mnyama anakimbia akipenda, na kipanya anaweza kumaliza kilomita kadhaa kwa usiku. Ubaya ni kwamba kila mmoja anachagua dozi yake, na lazima akae peke yake ili ujue nani alikimbia. Kuogelea ni rahisi kwa bei, ngumu kwa tafsiri: maji yawe nyuzi 30 hadi 34, maana yakiwa baridi unapima baridi. Panya wengine hugundua kwamba wanaelea, wakatulia juu ya maji kama watalii.

Kupima

Acha saa 48 au zaidi kati ya mbio ya mwisho na kipimo kama unataka kujua faida ya mazoezi ya wiki nane. Ukipima kesho yake asubuhi unapima mbio ya jana. Makala ambayo haisemi muda huu, isome kwa tahadhari.

Kipanya asifungishwe usiku kucha: saa 16 bila chakula zinampunguza uzito kiasi cha kubadilisha umetaboli wote. Saa sita zinatosha. Kwa mtihani wa sukari, dozi ya kawaida ni gramu 2 kwa kilo kwa mdomo: panya wa gramu 300 anapata gramu 0.6, ambayo ni mililita 1.5 za mchanganyiko wa asilimia 40. Damu kidogo ya mkiani hutolewa dakika 0, 15, 30, 60, 90 na 120. Kwa wanyama wanene dozi hiyo inadanganya. Kipanya wa gramu 45 anapewa miligramu 90, mwembamba wa gramu 28 anapewa 56, na ilhali misuli yao inakaribiana, mnene amebebeshwa mzigo mkubwa zaidi. Afadhali kupima dozi kwa uzito usio wa mafuta, au kuwapa wote kiasi kimoja. Usitoe sampuli ya sukari chini ya usingizi wa ketamini na zailazini. Zailazini inazuia insulini na sukari inaruka juu kwa wote.

Presha ya mkiani inahitaji mkia uliopashwa joto na panya aliyezoeshwa kile kibano kwa siku kadhaa. Bila hivyo namba inayosomeka ni ya hofu.

Kuna pia suala la HDL. Panya na vipanya hawana protini ya CETP, ile inayohamisha kolesteroli kutoka HDL kwenda chembe nyingine, kwa hiyo kolesteroli yao nyingi imebebwa na HDL yenyewe. Mlo mbaya unaweza kuipandisha, na mazoezi kuishusha. Anayesoma hilo kwa jedwali la binadamu atadhani mazoezi yamedhuru.

Jinsia isisahaulike. Madume wakikimbizwa mara nyingi hupunguza kula na kupungua uzito. Majike hula zaidi na kuziba pengo. Jaribio la madume tu, na ndiyo mengi, linaonyesha mazoezi yakipunguza mwili kuliko yanavyofanya kwa majike.

Limebaki swali linalosumbua kuliko yote: mgonjwa ni nani katika jaribio hili? Mnyama wa kundi la kulinganishia amefungiwa kwenye boksi la plastiki, chakula kimejaa siku nzima, hana pa kwenda. Mwaka 2010 watafiti kadhaa waliandika wazi kwamba panya wa kawaida wa maabara ni mnene na mgonjwa wa umetaboli kabla ya kupewa ugonjwa wowote. Na mwaka 2014 watafiti wa Leiden, Uholanzi, waliweka gurudumu nje, mahali wanyama wa mwituni wangeweza kufika, wakatega kamera. Vipanya wa mwituni walipanda wenyewe na kukimbia, na waliendelea kukimbia hata baada ya chakula kilichowekwa pale kuondolewa.